Udzima: nyota nne kwenye bendera, visiwa vitatu mkononi

Asubuhi yangu ya kwanza Ngazija, visiwani Komoro, niliamshwa na mlio wa ndoo. Nilichungulia dirishani nikamwona mama mdogo uani, ameinama juu ya mdomo wa birika la kuhifadhia maji ya mvua, anateremsha ndoo kwa kamba taratibu, kichwa amekilaza upande kama mtu anayesikiliza hodi. Kamba ilipolegea akashika mahali ilipofikia, akahesabu, kisha akaivuta. Kamba yake ina mafundo. Mwezi uliopita, akaniambia, ndoo ilikuwa inagusa maji kwenye fundo la nne. Siku ile iligusa kwenye la saba. Akaniangalia, akaangalia mfuko wangu wa taulo na sabuni, akacheka: "Oga, mwanangu. Lakini oga kama mtu wa hapa."

Nimeanza na birika kwa sababu wasomaji wangu wengi wameniomba niandike Komoro ni nchi ya namna gani: iko wapi, inatawaliwaje, watu wake wanakula nini. Nilijaribu kuanza na ramani, nikafuta. Nikajaribu kuanza na marais, nikafuta tena. Kila nilichotaka kueleza kilinirudisha kwenye kile kishimo cha uani.

Ngazija ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa lile. Mvua inanyesha kwa wingi, milima ni ya kijani, mashina ya migomba yamenenepa, na hakuna mto hata mmoja. Kisiwa kizima ni mawe yaliyotapikwa na Karthala, mlima wa moto wenye kimo cha mita 2,361 ambao bado uko hai. Mawe yenyewe ni meusi, mepesi kuliko unavyodhani, yamejaa vitundu. Mvua ikishuka juu yake inazama na kupotelea chini, na mengi yake hutokea ufukweni yakiwa yamechanganyika na chumvi. Basi kila paa limetegwa mfereji, kila mfereji unaelekea kwenye birika, na kila mama anajua fundo lake. Novemba 2005 Karthala ulipolipuka, majivu yalianguka juu ya mapaa, yakasombwa na mvua mpaka mabirikani, na maelfu kwa maelfu ya watu wakakosa maji ya kunywa huku mabirika yao yamejaa. Mama mdogo anaikumbuka ile kama watu wengine wanavyokumbuka vita. Wazee wanakumbuka mbali zaidi, 1977, moto uliposhuka ukafunika kijiji cha Singani.

Koko yangu alizaliwa huko. Hivyo ndivyo tulivyomwita Unguja, koko, bila kujua kwamba ni neno la Kingazija la bibi. Sisi tulidhani ni jina lake. Alikuja Zanzibar msichana mdogo na hakurudi. Mji wa Zanzibar ulijaa watu wa kwao: walimu, mashehe, makarani, mafundi cherehani. Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi aliyeheshimika Unguja mpaka alipofariki 1925, alizaliwa Itsandra, kaskazini kidogo ya mji mkuu, Moroni. Kwa hiyo Mngazija tunamjua. Tumesoma kwake, tumeoa kwake, tumezikana naye. Nchi yake ndiyo hatuijui, na inanisikitisha, kwa sababu kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 700 tu. Ndege inachukua zaidi kidogo ya saa moja. Ukitoka Dar kwa basi kwenda Mwanza unasafiri mbali zaidi ya hapo.

Na lugha. Kwenye soko la Volo Volo, Moroni, nilinunua ndizi kwa bibi mmoja, nikampa pesa, akaniambia "Marahaba." Nilishtuka. Nikadhani nimesahau kumwamkia, nikaharakisha: "Shikamoo, bibi." Akanitazama bila kuelewa, akarudia, "Marahaba!" Kumbe kwao marahaba ni asante. Maji wanayaita madji. Asubuhi unaulizwa "Bariza?" Ukisikiliza mazungumzo kwa mbali unahisi unaelewa kila kitu; ukisogea karibu, unagundua umeelewa nusu. Shikomori si Kiswahili kilichoharibika, kama nilivyowahi kumsikia mtu mzima na akili zake akisema kwetu. Ni lugha nyingine, ndugu wa tumbo moja, na kila kisiwa kina yake: Shingazidja, Shindzuani, Shimwali, Shimaore.

Neno moja la kwao ndilo lililonifungulia nchi nzima. Nchi hii kwa jina rasmi ni Muungano wa Komoro, na kwa lugha ya wenyewe ni Udzima wa Komori. Udzima ni umoja. Sikio la Mswahili linasikia "uzima", na halijakosea sana, maana shina ni lile lile: kitu kizima, kisichomegeka. Nimezunguka visiwa vile wiki tano, na ninachoweza kusema juu ya serikali yao, juu ya uchumi wao na hata juu ya bahari yao ni kwamba yote ni kazi moja ya kutafuta huo uzima.

Itazame bendera. Ina mistari minne: wa njano ni Mwali (Moheli), mweupe ni Maore (Mayotte), mwekundu ni Nzwani (Anjouan), wa buluu ni Ngazija. Pembeni kuna pembetatu ya kijani yenye mwezi mwandamo na nyota nne. Nyota nne, visiwa vinne. Lakini serikali ya Moroni inatawala vitatu. Mstari mweupe, Maore, uko mikononi mwa Ufaransa.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu asiyeelewa habari ya Maore haelewi chochote kingine.

Ufaransa ilikinunua kisiwa cha Maore mwaka 1841 kwa mtawala wake, Andriantsoly, aliyekuwa ametokea Bukini, yaani Madagaska. Visiwa vingine vitatu viliwekwa chini ya himaya yake 1886. Maore, kwa hiyo, ilikuwa chini ya Wafaransa kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya wenzake, na makao makuu ya utawala yalikuwa Dzaoudzi, kwenye kisiwa kidogo kinachopakana nayo. Mwaka 1958 ikaamuliwa makao makuu yahamie Moroni. Wakubwa wakahama, na mishahara, na maduka, na kazi za nyumbani ambazo wanawake wengi wa Maore walikuwa wakizitegemea. Wanawake wale hawakushika mapanga. Wakiongozwa na Zena M'Déré walikuwa wakimzunguka afisa aliyetoka Moroni, wakamtekenya mbavu mpaka akose pumzi, akapanda chombo akaondoka. Historia inawaita hivyo hivyo, watekenyaji. Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho. Mimi nikikifikiria naona akina mama waliokuwa wanatetea mkate wao kwa silaha pekee waliyokuwa nayo.

Kura ya uhuru ilipigwa 22 Desemba 1974. Kwa visiwa vyote kwa pamoja, karibu asilimia 95 walisema ndiyo. Maore peke yake, karibu asilimia 64 walisema hapana. Swali likawa: kura inahesabiwa kwa nchi nzima au kwa kisiwa kimoja kimoja? Ufaransa ikachagua hesabu ya pili. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah akatangaza uhuru wa visiwa vyote vinne, na Novemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro kama nchi ya visiwa vinne. Februari 1976 suala lilipofika Baraza la Usalama, Ufaransa ikatumia kura yake ya turufu. Tangu 2011 Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa, na bajeti yake, shule zake na hospitali yake vinalipwa kwa yuro.

Nijuavyo mimi, ukiichora nchi kwa nyota nne halafu ukapewa tatu, utatumia nguvu zako nyingi kuhakikisha hizo tatu hazianguki. Na nusura zianguke. Mwezi mmoja tu baada ya uhuru Ahmed Abdallah alipinduliwa. Ali Soilih, aliyeshika urais Januari 1976, alikuwa mtu wa mawazo makali: alifuta utumishi wa serikali, akachoma nyaraka, akapiga marufuku sherehe za harusi kubwa, akawapa vijana wadogo mamlaka juu ya wazee, na wakati huo huo akagawa utawala mpaka vijijini na kuipa Shikomori heshima ya kuandikwa. Ukitaja jina lake barazani Moroni, watu hukaa vizuri kwenye viti. Wengine wanamlaani, wengine wanamlilia, wakati mwingine ni mtu yule yule. Mei 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, aliteremka pwani usiku na watu wake wachache kutoka melini, akamwondoa, na Soilih akauawa wiki mbili baadaye. Abdallah akarudishwa, na kwa miaka 11 nchi ikaishi chini ya kivuli cha kikosi cha ulinzi wa rais kilichoongozwa na wageni na kulipwa na Afrika Kusini ya makaburu. Abdallah mwenyewe aliuawa ikulu Novemba 1989. Mapinduzi na majaribio yake huhesabiwa kuwa yamezidi 20 tangu uhuru. Sitayaorodhesha. Yote yanafanana, na yanayumbisha macho yasione jambo kubwa zaidi lililotokea 1997.

Mwaka huo Nzwani ilitangaza kujitenga, na Mwali nayo ikafuata. Watumishi walikuwa hawajalipwa kwa miezi. Wa Nzwani wakipanda mlimani siku ya jua wanaiona Maore kwa macho yao, na walichoomba hakikuwa uhuru: waliomba Ufaransa iwarudishe chini yake. Ufaransa ikakataa. Fikiria uchungu wa nchi iliyopigania kisiwa cha nne, kisha cha pili kinageuka na kusema nami nataka kumfuata yule.

Ugonjwa ule ndio uliozaa muundo wa serikali wa leo. Kanali Azali Assoumani alichukua madaraka Aprili 1999. Februari 2001 wanasiasa walikutana Fomboni, mji mkuu wa Mwali, wakakubaliana, na Desemba hiyo wananchi wakapitisha katiba ya Muungano. Kiini chake ni neno ambalo kila Mswahili aliyewahi kuchota maji bombani analijua: zamu. Urais unazunguka kisiwa hadi kisiwa. Kisiwa chenye zamu kinapiga kura ya mchujo peke yake, kinatoa wagombea watatu, kisha visiwa vyote vinachagua mmoja kati yao. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Ngazija, akapita Azali. 2006 ikaja Nzwani, akapita Ahmed Abdallah Sambi. 2011 ikafika Mwali, akaingia Ikililou Dhoinine. Mtu wa Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote, akawa rais wa nchi. Mwanzoni kila kisiwa kilikuwa pia na rais wake, hivyo nchi yenye watu wasiofika milioni moja ikawa na marais wanne. Kura ya maoni ya 2009 ikawashusha wale wa visiwa kuwa magavana.

Kabla ya hapo, Machi 2008, Umoja wa Afrika ulipeleka askari Nzwani kumng'oa Mohamed Bacar, aliyekataa kuachia kiti. Askari wa Tanzania walikuwa mstari wa mbele, na mwenyekiti wa Umoja wa Afrika mwaka ule alikuwa Rais Jakaya Kikwete. Bacar alikimbia kwa boti. Alikimbilia Maore.

Mutsamudu, mji mkuu wa Nzwani, nilikutana na dereva wa teksi aliyejifunza Kiswahili chake kutoka kwa askari wetu. Kilikuwa Kiswahili cha kambini, cha amri na vyakula: "Simama hapo! Kuna ugali?" Alikitumia kwa mapenzi makubwa, na njia nzima aliniita "afande".

Zamu imebadilika. Kura ya maoni ya Julai 2018 iliruhusu rais wa kisiwa chenye zamu kukaa vipindi viwili vya miaka mitano mfululizo, na ikafuta Mahakama ya Katiba. Azali, aliyerudi kwa kura 2016, alishinda tena 2019 na Januari 2024. Upinzani umelalamikia chaguzi zote hizo mbili za mwisho, na Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 kwa uhaini mkubwa, katika kesi ya kuuza pasipoti za Komoro kwa wakazi wa Emarati na Kuwait wasio na uraia. Mimi ni mgeni na mgeni hufumba jicho moja. Lakini la wazi nitalisema: zamu ina nguvu pale kila mtu anapoamini yake itafika. Nzwani nilisikia watu wakihesabu miaka kwa vidole, 2024, 2025, mpaka 2029, kama mama mdogo anavyohesabu mafundo.

Sasa uchumi. Serikali nimeisikia kwa masikio, huu niliunusa. Ulinikaa mikononi siku tatu.

Nzwani ni kisiwa cha milangilangi. Mti huu ukiachwa unakwenda juu sana, lakini wakulima wanaukata kilele na kuyakunja matawi mpaka unakuwa kama mwavuli wa kimo cha kifua, ili mkono ufikie. Tulitoka kabla ya alfajiri kukucha vizuri, wanawake sita na mimi, kwa sababu jua likipanda harufu inaondoka kwenye ua. Ua la langilangi lililokomaa ni la njano, lina petali ndefu zilizolegea kama vidole vya mtu aliyelala, na karibu na kitovu lina doa jekundu. La kijani usiliguse. Nililigusa, binti aliyekuwa karibu nami alilichukua kikapuni mwangu kimya kimya, akaliweka kando. Kufika saa tatu walikuwa wamemaliza na vikapu viko kwenye mizani.

Kiwanda ni banda la bati, na ndani yake kuna mtungi mkubwa wa shaba juu ya moto wa kuni. Maua yanamiminwa, maji yanachemka chini yake, mvuke unapita kwenye bomba lililozama kwenye maji baridi, na upande wa pili yanadondoka maji yenye mafuta yanayoelea juu. Mafuta ya mwanzo ndiyo bora, ndiyo yanayokwenda kwa watengeneza manukato wa Ufaransa. Kadiri saa zinavyokwenda daraja linashuka, na kazi inaendelea mchana kutwa hadi usiku. Komoro kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa mafuta haya duniani. Mtu anayejipulizia Paris jioni anaweza kuwa amebeba shingoni asubuhi ya wanawake wale sita.

Mzee wa mtungi aliniambia kitu kinachomsumbua kuliko bei: kuni. Kila mtungi unakula mti. Milima ya Nzwani imekatwa, na Nzwani, tofauti na Ngazija, ina mito; ilikuwa na mingi. Alinionyesha korongo kavu alimokuwa akivua kamba akiwa mtoto.

Karafuu wanayo, na mtu wa Pemba angejiona nyumbani akipita barabara iliyotandazwa majamvi. Vanila wanayo Ngazija na Mwali, mmea wenye ua linalofunguka asubuhi moja tu na lazima lichavushwe kwa mkono, kwa kijiti chembamba, ua kwa ua. Kijana mtumwa wa Réunion, Edmond Albius, ndiye aliyegundua namna hiyo mwaka 1841. Kwa hiyo mazao matatu ya nchi yote ni ya harufu, na yote bei yake inapangwa mbali. Chakula kikuu ni wali, na mchele unatoka ng'ambo. Bandari ya Moroni haina kina, meli kubwa inasimama nje na mizigo inashushwa kwa matishari. Bahari ikichafuka mchele unasubiri, na mitaani watu wanaanza kuuliziana. Mengi mengine, saruji, vitunguu, magodoro, yanatoka Dar kwa majahazi na meli ndogo. Ndio maana wafanyabiashara wa kike wa Moroni wanaijua Kariakoo kuliko mimi. Faranga yao imefungwa kwa yuro: yuro moja ni faranga 491.97, na haijasogea tangu 1999. Bei za sokoni hazirukiruki, ila kamba ya ile sarafu iko mkononi mwa mwingine.

Wanaoibeba nchi hasa ni watoto wake walioondoka. Fedha zinazotumwa na Wakomoro wa Ufaransa, wengi wao Marseille, zinazidi kwa mbali kila kinachouzwa nje, langilangi, karafuu na vanila kwa pamoja. Julai na Agosti wanateremka uwanja wa ndege wa Hahaya na masanduku yao. Wenyeji wanawaita "je viens", yaani "naja". Wanakuja kuoa.

Ngazija harusi kubwa, anda, si sherehe ya wiki moja. Mtu huanza kuiweka akiba miaka 10, 20. Dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe, mchele wa mji mzima, karamu baada ya karamu. Anayemaliza anaitwa mndru mdzima. Lisome tena: mtu mzima. Babu wa miaka 70 asiyefanya anda ni mwana wa mji tu, na kwenye bangwe, uwanja wa mawe unaokaliwa na wazee, hana kiti cha mbele wala neno la mwisho. Shina ni lile lile la udzima. Mtu kwao anakamilishwa na mji, kwa kuulisha.

Vijana wengi nilioongea nao wanalia na gharama hizi, na wana haki. Fedha ambayo ingechimba kisima inaliwa kwa siku tatu. Hata hivyo nilimwona mama mdogo akipokea kilo zake za mchele kutoka harusi ya jirani, akaandika daftarini nani kampa nini, kwa sababu zamu ya mwanawe inakuja na atarudishiwa. Daftari lile lina miaka zaidi ya 30. Na nyumba anayokaa ni yake. Ngazija nyumba hupita kwa mama kwenda kwa binti, mwanaume ndiye anayehamia. Nikalitazama birika upya: limejengwa na mama yake, kwa fedha za kaka zake waliokuwa Zanzibar. Huenda na koko alitia mkono. Sina wa kumuuliza.

Januari 2022 nilikuwa Dar, nikaangalia mechi ya Komoro na Kameruni ya Kombe la Mataifa ya Afrika katika kibanda karibu na bandari, mabaharia Wangazija wamejaa mpaka mlangoni. Timu ya Komoro inaitwa kwa jina la silakanti, ambaye kwao ni gombessa, samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria. Wa pili kuonekana machoni mwao alivuliwa Nzwani 1952. Wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na hawakumpenda, ana mafuta mengi. Wiki moja kabla walikuwa wameifunga Ghana 3-2. Siku ile makipa wote walikuwa nje kwa maradhi na majeraha, na beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa jezi ya kipa, namba 3 imebandikwa kwa utepe mgongoni. Wakabaki kumi mapema kwa kadi nyekundu. Walifungwa 2-1, na bao lao la mpira wa adhabu liliruka ukuta likaingia pembeni kabisa. Wachezaji wengi wamezaliwa Ufaransa. Kibandani hakuna aliyewauliza pasipoti. Baharia mmoja mzee alilia wazi, akisema jina la kila kisiwa, vyote vinne.

Nimebakiza kilomita 70. Ndizo zilizopo kati ya Nzwani na Maore. Hadi 1995 watu walivuka kwenda kuuza kuku, kujifungua, kuzika. Mwaka huo Ufaransa ikaweka viza, na tangu hapo wanavuka usiku kwa viboti vya injini, kwasakwasa, vimejaa kupita kiasi. Waliozama ni maelfu. Mawimbi hayaandiki daftari. Kule Maore wanaofika wanaishi kwenye vibanda vya bati, na Desemba 2024 kimbunga Chido kilipopita, vibanda hivyo ndivyo vilivyoruka kwanza.

Usiku wangu wa mwisho Nzwani nililala Domoni, pwani ya mashariki, kwa ndugu wa mume wa mama mdogo. Ana mwana Maore, fundi ujenzi, mwaka wa tisa sasa. Wajukuu anawajua kwa simu. Alfajiri nilimkuta juu ya dari ametandaza kofia zilizofuliwa, anaziwekea mawe zisipeperuke. Upande wa bahari kulikuwa na ukungu mweupe tu. Nikamuuliza kama ni kweli kisiwa kinaonekana kutoka pale.

"Kinaonekana," akasema, bila kugeuka. "Leo hapana. Subiri jua lipande."

Akanisogezea kigoda, akaenda kuleta chai.